Hotuba ya Myanga

Gari lilipotoka Kitale, Nyaruai alifumba macho ili asikie vizuri yaliyosemwa kwenye kiti cha mbele yake. Kijana aliyejitambulisha kama Walubengo alikuwa akimweleza mama muuza vitunguu kwamba anaenda Myanga kumzika baba yake, na kwamba yeye kama kifungua mimba lazima ashike maiki.

"Nikisimama mbele ya watu, moyo unaenda mbio, pumzi inakatika. Daktari alisema ni ugonjwa wa hofu, mama. Natibiwa."

"Ugonjwa gani? Hiyo ni haya tu, bana. Si mimi huongea na soko nzima?"

"Soko linataka vitunguu. Kwa matanga wanakuangalia mdomo."

Nyaruai alikubali kimoyomoyo. Waombolezaji wengine huja kupima hotuba.

"Basi sema sauti imepotea."

"Ndugu yangu alisema hivyo tukizika shangazi. Wakampa chai ya tangawizi, wakangoja."

Mama alicheka mpaka akapangusa macho. "Na daktari alisema ufanye nini?"

"Nianze na mtu mmoja."

"Si mimi ni mtu? Anza!"

Walubengo alimgeukia. "Baba alikuwa mkali. Lakini wageni wakija, aliniacha nikae jikoni. Hakuwahi kunilazimisha nije nisalimie."

Mama alipangusa macho tena, safari hii bila kucheka. Gari likasimama Myanga.

"Hiyo imetosha, mwanangu," akasema. "Lakini bado ni haya."

"Ni ugonjwa, mama!" akajibu Walubengo, gari zima likasikia, naye akashuka.