Maua ya Hapo Juu: Maisha ya Klara Shemweta, 1927–1976

Wapendwa mliopanda mlima huu kumsindikiza ndugu yetu, sikilizeni kidogo habari zake. Klara Shemweta alizaliwa Gare tarehe 4 Machi 1927, mtoto wa pili wa Mzee Shemweta na Mama Efrazia. Alikuwa mpole, ila akishashika neno lake, kumbembeleza ilikuwa kazi bure.

Alisoma Gare hadi darasa la nne, kisha akapelekwa Kifungilo kujifunza kudarizi kwa masista. Sista mmoja aliwapa wasichana michoro ya maua meupe ya misitu ya kwao Ulaya, yanayochanua theluji ikianza kuyeyuka. Klara alishona mawili matatu, akauliza, "Sista, naweza kushona ua nililoliona mwenyewe?" Sista akacheka, akamwambia ajaribu. Tangu siku hiyo hakugusa tena michoro ya karatasi.

Ua lake lilikuwa dogo, la zambarau, lenye majani ya vinyweleo, linaloota kwenye mwamba wenye unyevu msituni juu ya nyumba ya wazazi wake. Kila mwaka baridi ya Julai ikilegea, alipanda na kitambaa na nyuzi akashonea hukohuko, maana ua likichumwa hunyauka kabla hujapata uzi wa rangi yake. Kazi hiyo ndiyo iliyomlisha na kumvisha.

Tarehe 12 Agosti 1950 alifunga ndoa na Aloisi, kijana mcheshi, ambaye baadaye alikwenda kufanya kazi ya chai Bulwa na kufariki huko kwa homa mwaka 1956. Hawakujaliwa mtoto. Klara alirudi kwenye nyumba ya wazazi, ambao walikuwa wameshatangulia, akaishi peke yake. Upweke ulimuuma na hakuuficha. Alisema mtu akila peke yake hata chumvi haikolei.

Desemba 1961 kaka yake mkubwa, Silvano, aliongoza kamati ya sherehe za Uhuru kijijini. Klara alimpelekea kitambaa cha meza ya mgeni rasmi.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Lo, kazi nzuri. Lakini Klara, leo tumejitawala, tukamtandikie mgeni maua ya Kizungu?"

"Kaka, haya ni ya hapo juu. Twende nikuonyeshe."

"Siku nyingine, mdogo wangu. Leo kuna kazi."

Siku nyingine haikufika. Kila aliyealikwa kupanda kuliona ua hilo alikuwa na udhuru: mahindi hayajapaliliwa, mtoto anaumwa, njia inateleza. Kijiji kilikwishaamini kwamba fundi wa masista hushona maua ya masista. Mwaka 1972 alianza kufundisha kikundi cha ushonaji cha kijiji chetu cha ujamaa. Wanawake walilishona ua lake vizuri sana, wakaliita ua la Ulaya. Aliwasahihisha, akawaalika, mwishowe akanyamaza. Hakutaka sifa. Alitaka mtu mmoja tu wa kwenda naye.

Mwezi Mei mwaka huu alianza kusumbuliwa na kifua. Alitibiwa Lushoto, akarudi nyumbani, akarudishwa tena hospitali. Wifi yake Marta alimuuguza kwa moyo wote. Klara alifariki Jumamosi, tarehe 11 Septemba 1976, alfajiri.

Jana Silvano na majirani walipanda msituni kutafuta mawe ya kaburi. Nyuma ya kijito walikuta mwamba umejaa maua ya zambarau, na mbele yake gogo lililolainika kwa kukaliwa, mahali pa mtu mmoja. Hakuna aliyebeba jiwe kutoka pale. Silvano alikaa kwenye gogo lile mpaka wenzake walipomshika mkono.

Marehemu ameacha kaka, Silvano, wifi, Marta, watoto wao Secilia na Dorkasi, na wanawake wa kikundi cha ushonaji. Silvano hawezi kusimama kusema. Ameomba yasomwe maneno haya: "Klara, nimeyaona. Ni ya kwetu."

Bwana akupumzishe kwa amani, dada.