Tembo Mezani, Mgema Nje

Ndugu zangu, amani iwe kwenu. Nimeambiwa mwaka huu nishuhudie kwa upole. Nitajaribu, lakini mambo haya yananichemsha mpaka leo, na sitajitia upole nisio nao.

Mimi ni mgema, nagema tembo la mnazi. Baba aligema, babu aligema, na minazi ninayokwea hapa Kisauni ndiyo waliyoniachia. Siku niliyobatizwa hakuna aliyeniuliza nala nini. Halafu mzee mmoja wa kanisa, jina nitamfichia, akahubiri kwamba divai humdhihaki mtu. Mstari uko, sikatai. Ila kutoka kwenye divai akaruka mpaka kwenye tembo, na kutoka kwenye tembo akaruka mpaka kwangu! Nikaambiwa niache kazi au nitengwe.

Nikaacha. Nikaenda bandarini kubeba magunia, kifua kikanishinda, watoto wakalala na njaa. Nikarudi minazini, nikatengwa.

Vijana hamjui kutengwa kunavyomuuma aliyetengwa. Nyimbo mnaimba pamoja, sala mnasali pamoja, ikifika Meza ya Bwana unaambiwa utoke. Unapita katikati ya watu, mkeo umemwacha upande wa wanawake ameinamisha kichwa, unakwenda kuketi barazani. Ukiuliza kwa nini, unaletewa mstari. Huyu ana wa walevi, yule ana wa kula na kunywa isivyostahili. Nikawatajia harusi ya Kana. Yule mzee akanijibu, "Ile ilikuwa divai nyingine." Nyingine ipi? Kwani alialikwa?

Mkisikia nilianguka, msidhani nilianguka mnazi. Nilikasirika, nikaacha ibada, nikaanza kunywa nilichogema. Kabla ya hapo sikuwa mlevi. Walipokwisha kuniita mlevi nikaona heri niwe. Ujinga gani huo, nawauliza! Mke wangu akienda kanisani peke yake, akirudi ananipita mlangoni kama mgeni. Niliona wazi kwamba nampoteza na yeye, na hilo liliniuma kuliko yote.

Sasa sikilizeni. Vita vya Wazungu vikapamba moto. Meli zilileta askari na mizinga, divai ya kanisa haikuletwa na mtu. Tukakaa miezi bila Meza ya Bwana. Asubuhi moja nikasikia hodi, kumbe kasisi wetu, na yule mzee nyuma yake.

"Karibuni. Shikamoo, baba kasisi."

"Marahaba. Tumekuja kuomba tembo tamu, la alfajiri, kabla halijachacha. Tuliweke Mezani mpaka divai ipatikane."

Mzee akaongeza kuwa tembo langu ni zuri kuliko la wagema wote wa Kisauni. Alijuaje, sijui. Mgema akisifiwa mnajua afanyavyo, lakini siku ile hamu ya kutia maji sikuwa nayo.

"Na mimi nitakunywa pamoja nanyi?" nikauliza.

Mzee akadakia, "Wewe si umetengwa?"

"Yaani tembo langu liingie, mimi nikae nje? Limeokoka lini hilo tembo?"

Kasisi akaghadhibika. Akafungua Biblia, akanisomea waraka kwa Wakorintho, pale pa kula isivyostahili, kwa sauti ya kunikomesha. Mke wangu alikuwa akikuna nazi uani. Akasema, "Endelea, baba. Usiishie hapo."

Kasisi akaendelea, mpaka akafika pale Paulo anapowaambia kwamba wakikutanika kula, wangojane. Sauti ikampungua. Akarudi nyuma kidogo, akasoma kwa sauti ndogo habari za wale waliotangulia kula wakawaacha wenzao na njaa na aibu.

"Mzee," akasema, "maneno haya tumemsomea mtu siye. Yanatuhusu sisi."

"Lakini baba kasisi, kanuni..."

"Ngoja kwanza." Akanigeukia. "Utaacha kulewa?"

"Kulewa nitaacha. Kugema siachi."

"Kugema sikukuuliza."

Jumapili ile nikapeleka kibuyu, nikakiweka Mezani. Saa ya Meza ya Bwana ilipofika miguu yangu ikanitoa nje yenyewe, kwa mazoea! Nikaketi barazani. Nikangoja wimbo uanze, haukuanza. Nikainua macho, nikamwona mke wangu mlangoni, mikono kiunoni.

"Ingia basi, mume wangu. Kasisi ameshika kikombe mpaka mkono umemchoka. Unatuchelewesha."

Ndugu zangu, nililia kama mtoto, na siwaonei haya. Tangu siku hiyo naigema minazi yangu, na tembo lililochacha halijapita kinywani mwangu.

Namshukuru kasisi, aliyekubali kusomewa na kitabu alichonifungulia mimi. Namshukuru mke wangu, ambaye hakuniacha ingawa alikuwa na sababu. Na yule mzee namshukuru pia, kwa kujilazimisha, ingawa hata leo akiniona na kibuyu anakohoa.

Funzo langu ni fupi. Kabla hujamtoa mwenzio nje kwa mstari mmoja, isome sura yote, uone kama si wewe unayesemwa. Lakini mnatikisa vichwa tu, kila mwaka mnatikisa vichwa! Hata sasa ninavyosema, wako watu mmewatoa, wameketi hapo barazani, na mimi ninawaona kutoka hapa. Mmoja wenu aende akawaite. Mimi sitaketi mpaka waingie.