Krismasi Bila Vitenge Vipya

Asubuhi ya Krismasi, mwaka wa pili tangu wakimbizi wa Rwanda wavuke mpaka wa Rusumo, Kwandu alipanda pikapu kwenda kusali kambini kwao. Alikuwa amevaa gauni jipya na alijiona amependeza. Kando yake Bulugu, muuza nguo kutoka Shinyanga, alikuwa akimlalamikia mama mmoja mkimbizi, Mukeshimana.

"Mama, mwaka jana vitenge vyangu viliisha. Mwaka huu hakuna aliyenunua. Nimewakosea nini?"

"Hujatukosea, mwanangu. Mwaka jana wenye nguo mpya walijaa kanisani, wengine wakabaki kwenye mahema kwa aibu. Jirani yangu hakuja, tukadhani hana cha kuvaa, hatukwenda kumwangalia; kumbe alikuwa mgonjwa. Tuliporudi tulimkuta amekufa. Ndipo tukakubaliana kila mtu aje na nguo zake za kila siku."

"Poleni sana. Lakini Yesu hakukataza mtu kupendeza. Na mimi nina watoto."

"Hakukataza," mama alikubali.

Kwandu moyoni alikuwa upande wa Bulugu, mpaka pikapu ilipomaliza mlima. Kanisa la turubai lilikuwa limejaa, na waliokosa nafasi walikuwa wamekaa kwenye majani mteremko mzima, na nguo zao zilizopauka, wakiimba. Sauti yao ilifunika mngurumo wa injini.  Kwandu hakuwahi kuona watu wengi hivyo wakisali pamoja.

"Wote hao?" Bulugu aliuliza polepole.

"Na wengine bado wanakuja."

Pikapu ikasimama. Mukeshimana akashuka. Bulugu alibaki ameshika bomba la pikapu, akiwatazama watu waliojaa mteremkoni.