Nani Aliyeponya Miguu ya Sentimita

Mbele ya kibanda cha cherehani cha Zoumana Coulibaly, mtaa wa Lafiabougou, Bamako, pana benchi moja la mbao, viti viwili vya kamba za plastiki, na jiko dogo la mkaa lenye birika la buluu lisilokauka chai. Kila siku swala ya alasiri ikiisha, wanaume wanne hukaa hapo kuhukumu dunia. Chai ni raundi tatu, kama ilivyo desturi. Ya kwanza ni chungu ya kukunja uso, ya pili inaongezwa sukari, na ya tatu ni sukari iliyoongezwa chai kidogo. Hakuna anayeondoka kabla ya ya tatu, hata aitwe na mkewe. Hapo benchini wameshafukuzwa makocha, wamefutwa kazi mawaziri, na ndoa za watu wasiokuwepo zimeamuliwa. Jumapili ile kesi ilikuwa moja tu: je, Zoumana aende zahanati kesho, au asiende?

Zoumana, ambaye kijiwe kinamwita Sentimita kwa sababu futi ya kupimia nguo haimtoki shingoni hata msikitini, ana kisukari. Tangu Ramadhani iishe hajameza kidonge cha zahanati hata kimoja. Jana mkewe, Korotoumou, alikuwa anatafuta uzi kwenye droo ya cherehani akakuta pakiti za vidonge zimelala, nzima, hazijafunguliwa. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha mumewe. Alisema tu kwamba Jumatatu asubuhi aende kupimwa, la sivyo yeye atampigia simu kaka mkubwa wa mumewe kule Ségou aje kuongea naye. Kaka huyo ana mguu mmoja. Wa pili aliuacha hospitali, kwa kisukari hikihiki. Basi Zoumana akaja benchini kutafuta ruhusa ya kutokwenda, na alijua kabisa kwamba mahali pa kuipata ni hapo.

— Mimi kwenda si tatizo, — alianza. — Ila naenda kufanya nini? Miguu imepona.

Na kweli, mwaka mzima uliopita miguu ilikuwa inamwaka usiku kama amekanyaga pilipili. Alikuwa hafuniki shuka. Korotoumou alikuwa anamwekea beseni la maji kando ya kitanda. Sasa miguu imetulia kimya, analala kama mtoto, na beseni limerudi jikoni.

— Imepona, — alikubali Balozi akimimina chai kutoka juu ili itoe povu. — Na aliyeiponya anajulikana.

Balozi ndiye mpishi wa chai. Jina lake ni Modibo Keita, na cheo hicho alikipata kwa kuendesha gari la ubalozi fulani, zamani, kwa muda mfupi kuliko anavyousimulia. Kwa kuwa yeye ni Keita na Zoumana ni Coulibaly, hao ni watani tangu enzi za mababu. Huitana mla kunde na mtumwa bila kukasirikiana, na mmoja akimwomba mwenzake kitu kwa utani huo, hakinyimwi.

— Anajulikana nani? — aliuliza Zoumana.

— Mimi. Nani alikuletea mwarobaini? Nani alikuchemshia mpaka ukawa mweusi kama oili chafu? Sukari ni tamu, mla kunde wewe. Uchungu ukiingia, unaila. Hii haihitaji shule.

— Mimi Coulibaly nitibiwe na mtumwa wa babu yangu?

— Babu yako alikuwa anajamba kunde tu, hakuwa na pesa ya kununua mtumwa. Kunywa.

Akampa glasi ya kwanza, kisha akamjazia nyingine ya kwanza. Huo ndio utaratibu wao tangu Zoumana augue. Anakunywa mbili chungu, ili ile tamu ya tatu ikifika tumboni ikute imeshazidiwa. Hesabu hiyo aliipiga Balozi mwenyewe, na Zoumana, mtu anayepima kiuno mara mbili kabla ya kukata kitambaa, hakuwahi kuipima hata mara moja.

— Samahani, — alisema Antena. — Mwarobaini hata mbuzi wanakula, na hakuna mbuzi aliyepona kitu. Miguu ya Sentimita imeponywa na chupa yangu.

Antena ni fundi redio. Jina lake ni Nouhoum, na sikio lake moja ni la redio ndogo anayokuja nayo, la pili ndilo la watu. Chupa aliyoisema ilikuwa ikitangazwa redioni kila asubuhi. Inaponya sukari, presha, mgongo, hasira za mke na husuda ya jirani.

— Ile chupa ni tamu, — alisema Zoumana. — Mimi mwenyewe nilishangaa.

— Wameweka asali.

— Asali kwa mgonjwa wa sukari?

— Asali si sukari, kaka. Asali imetoka kwa nyuki, sukari imetoka kiwandani. Mwili unajua kila kitu kimetoka wapi.

— Nani kakwambia? — aliuliza Balozi.

— Redio.

Hapo Ulaya akakohoa, maana yake zamu yake imefika. Ulaya anaitwa Sory. Aliwahi kuishi miezi minane kwa Wafaransa, akarudishwa, na tangu siku hiyo anavaa skafu hata joto la Aprili likiwaka.

— Nyinyi mnabishana mambo ya porini, — alisema. — Kule nilikokuwa, mtu wa sukari anapewa virutubisho. Nani alimpa Sentimita virutubisho?

— Lile kopo lenye picha ya mtu ana mikono kama mapaja? — aliuliza Balozi.

— Hilohilo. Katuma mpwa wangu.

— Si ni la wanyanyua vyuma lile?

— Ndiyo. Linachukua sukari linaigeuza misuli. Sayansi hiyo.

Zoumana aliutazama mkono wake. — Mbona sina misuli?

— Iko ndani.

Kila mtu akaitafakari hiyo misuli ya ndani. Balozi akalirudisha birika juu ya jiko, akatia sukari ya raundi ya pili, akalitikisa jiko ili makaa yaamke. Zoumana aliona raha moyoni. Wote watatu walikuwa wanapigania sifa, na mtu hapiganii sifa ya kitu ambacho hakipo. Usiku atamwambia Korotoumou: mama, wamekaa watu wazima watatu, wamekubaliana kwamba nimepona, wanachogombania ni nani tu.

— Mimi nitakwambieni jinsi ilivyokuwa, — alisema Antena, sasa amezima redio kabisa, jambo ambalo huwa halitokei. — Sukari ni nzito. Itieni kwenye glasi, inakwenda wapi? Chini. Mtu naye ni hivyohivyo. Ilishuka ikajaa miguuni, ndiyo maana ikawa inawaka. Chupa yangu imeisukuma ikatokea kwenye nyayo.

— Imetokea ikaenda wapi?

— Ardhini.

— Ndiyo maana sisimizi, — alisema Ulaya polepole.

— Sisimizi gani?

— Sentimita, wale sisimizi wa chooni kwako, waliokuwa wanafuata mkojo, bado wapo?

— Wapo. Ila juzi niliona wengine wanaelekea ukutani, kwa jirani.

— Kwa jirani yupi?

— Mzee Samaké.

— Basi ugonjwa umehama, — alisema Ulaya. — Mpelekeeni pole Mzee Samaké.

— Au mpelekeeni mwarobaini, — alisema Balozi.

— Mimi nasema hata vile vidonge vya zahanati ndivyo vilivyokuwa vinaichoma miguu, — aliendelea Antena. — Angalieni. Alipokuwa anavimeza, miguu inawaka. Kaviacha, miguu kimya. Mnataka ushahidi gani tena?

Hoja hiyo iliwatikisa wote. Hata Balozi, ambaye kwa kawaida hakubali neno la mtu kabla ya glasi ya tatu, aliguna. Zoumana aliirudia kimoyomoyo ili asiisahau mbele ya mkewe. Kulikuwa na jambo moja tu ambalo hakulitoa benchini. Siku hizi akishona, mguu unamtoka kwenye pedali ya cherehani, na anajua umetoka pale tu anapoona sindano imesimama. Alikwishaifungua pedali akaipiga msasa, akaifungua tena akaifunga mpira. Mambo ya pedali ni ya fundi na mashine yake, hayahusiani na sukari.

— Kuna mtu anachoma plastiki, — alisema Antena akinusa.

— Watu wa gereji hao, — alisema Ulaya. — Kule nilikokuwa, ukichoma tairi unafungwa.

— Na wewe ulichoma nini mpaka wakakurudisha?

Wakati huo akaja mwanamke mmoja amebeba kitambaa cha bazini kwenye mfuko. Walikuwa hawamfahamu. Akawasalimu kama inavyopasa, akauliza habari za nyumbani, za wake, za watoto, za joto na za uchovu, nao wakamjibu zote. Akasema anaitwa Aïssata Maïga, ameelekezwa kwa fundi wa makanzu, ana sherehe ya akika wiki ijayo.

— Fundi ni mimi, — alisema Zoumana. — Keti, binti yangu. Tumalize raundi hii, nikupime.

Ulaya akampisha kiti. Aïssata akakaa, mfuko magotini, akasikiliza. Kesi ilikuwa imerudi palepale, mwarobaini, chupa, kopo. Baada ya kitambo akauliza kwa adabu.

— Samahanini, baba zangu. Ni miguu iliyokuwa inawaka usiku?

— Kama pilipili, — alisema Zoumana.

— Mama yangu yuko hivyohivyo. Ana sukari. Jana hakulala, nimekesha nampepea miguu. Na yako imepona kabisa?

— Kabisa. Nisipoifikiria, sikumbuki kama ninayo.

— Alhamdulillahi. Kwa dawa gani?

Hapo wakajibu wote kwa mkupuo. Balozi akaahidi kumfungia majani kwenye gazeti sasa hivi. Antena akamtajia saa ya tangazo. Ulaya akasema kopo liko nyumbani, hatua chache tu, na kwamba kwa mama mtu mzima nusu kijiko kitatosha, asije akajaa misuli mno. Aïssata aliwageukia mmoja baada ya mwingine, anatikisa kichwa, anajitahidi kushika yote. Kisha macho yakamshuka chini, kwenye jiko, na yakabaki huko.

— Baba, — alimwambia Zoumana. — Hilo kaa lililo mguuni kwako, halikuunguzi?

Zoumana akatazama.

Kaa la moto lilikuwa limekaa katikati ya mkanda wa kandambili na kidole gumba. Mkanda ulikuwa umeshayeyuka upande mmoja. Ngozi chini yake ilikuwa imegeuka nyeupe, kisha nyeusi pembeni. Aliutazama mguu ule kama mtu anayetazama mguu wa jirani, akingoja mwenyewe astuke.

Balozi ndiye aliyelikung'uta kaa kwa mkono mtupu, akaruka akijipuliza vidole. Aliumia. Alilaani. Zoumana aliviona vile vidole vya rafiki yake vikiwa vyekundu, akaona jinsi mwili wa mtu mzima unavyopokea moto, na hapo ndipo alipoielewa ile pedali. Haikuwa na ubovu wowote, ubovu ulikuwa mguuni. Akaogopa. Aliogopa kama siku ile walipomshusha kaka yake kwenye gari kule Ségou, suruali imekunjwa na kufungwa pini, na yeye, fundi wa familia, akaambiwa aishone vizuri.

— Huna maumivu? — aliuliza Antena kwa sauti ndogo.

— Sina.

— Hata kidogo?

— Nimeshakwambia nimepona, — alisema Zoumana.

Hakuna aliyecheka. Ulaya alianza kuifungua skafu yake shingoni ili amfunge nayo mguu, akasita, akaishika tu mkononi, hajui kama inafaa. Raundi ya pili ilikuwa inachemka na kumwagikia makaa, wala hakuna aliyeiondoa.

Aïssata alikuwa bado amekumbatia mfuko wake. Hakuuliza kwa kejeli. Mama yake alikuwa nyumbani, jua lilikuwa linashuka, na usiku wa kupepea miguu ulikuwa unakuja tena.

— Kwa hiyo mama nimchukulie ipi? — aliuliza.

Antena akatazama redio yake iliyozimwa. Ulaya akatazama barabara. Wanaume waliokuwa wakigombea sifa ya ile miguu tangu alasiri sasa hawakuitaka hata kwa kusukumiwa.

— Mama usimchukulie kitu hapa, — alisema Balozi hatimaye. — Kesho asubuhi mpeleke zahanati. Mtatukuta foleni.

Kisha akachuchumaa mbele ya Zoumana, huku bado akijipuliza vidole.

— Mla kunde.

— Nini wewe mtumwa.

— Nakuomba kitu, kwa utani wa babu zetu.

— Omba.

— Twende tukamwambie Korotoumou sasa hivi. Mimi nitasema ni mimi niliyekushauri uache vidonge.

— Chai ya tatu je?

— Twende.

Mtani hanyimwi. Zoumana akashika bega la Balozi, akasimama, na kabla ya kuinua hatua ikabidi ainamishe kichwa atazame chini, ajue mguu uko wapi.