Ratili za Jumamosi ya Tarehe 9 Machi 1957

Baba Padre, Mama Severina uliyeketi hapo mbele, watoto na wajukuu, majirani wa Deira hapa Dubai, wenzetu wa maghala ya Freezone mliotoka zamu mkaja bila kulala, na nyote mliobaki nje kwenye spika kwa kuwa ukumbi umejaa, familia imemtuma mkwe wake, Hesbon Otiato, mume wa Resty, awasomee maisha ya marehemu kama mwenyewe alivyoagiza, na kwa kuwa mkwe akikataa kutumwa anaonekana ameukataa ukoo, amekubali, lakini mtamwona anatoka jasho na kiyoyozi kinafanya kazi, sababu yake mtaisikia.

Marehemu Mzee Faustine Mhoja Lubinza alizaliwa tarehe 14 Septemba 1931 huko Ndala, Tabora, mtoto wa tatu wa mrina asali, akasoma shule ya misheni ya hapo hapo tangu mwaka 1940 hadi 1947, akafaulu hesabu na kufeli kuimba, na tangu utotoni alikuwa mtu wa kutafuta chanzo, mtungi ukivunjika nyumbani wenzake walitimua mbio, yeye alibaki akiokota vigae na kuuliza nani aliuweka njiani, saa ngapi na kwa nini, tabia iliyompatia vibao vingi kuliko waliovunja.

Mwaka 1948 aliajiriwa kupima nta katika duka la Mwarabu mmoja pale Tabora mjini, na tarehe 2 Juni 1952 akachukuliwa na kampuni ya ndege, ambayo familia imeona isiitaje jina ingawa ilikufa miaka mingi kabla ya marehemu, akawa karani wa mizani uwanjani. Vijana mliozoea kupita kwenye vioo na mikanda hapo Terminal 1 hamwezi kujua, lakini ndege za wakati ule zilikuwa za mapangaboi, nyingine za mbao na turubai, zinabeba watu wanane, kwa hiyo kila abiria alipandishwa kwenye mizani na mizigo yake kama gunia la karanga, karani akaandika ratili, karibu nusu kilo kila moja, ndicho kipimo cha siku hizo, rubani akaiamini karatasi, wakaruka.

Huko ndiko alikopata ugonjwa wake wa kwanza, ambao hakuna daktari aliyeutibu, wa kukusanya ajali za ndege na vyanzo vyake. Alikuwa na daftari la jalada gumu, na kila habari ya ndege ya pangaboi iliyoanguka popote duniani aliiandika humo, nyigu waliojenga ndani ya kibomba kinachompa rubani mwendo wake, maji yaliyoingia kwenye petroli, kabari za kuuzuia mkia usichezwe na upepo zilizosahauliwa pale pale, barafu iliyoziba kabureta, tena mchana kweupe, na mtu asimwambie kwamba ni bahati mbaya, alikuwa anakasirika. Kwake bahati mbaya haikuwepo, kulikuwa na mtu fulani, siku fulani, aliyeona uvivu au aibu. Msomaji huyu alipokwenda kupeleka posa mwaka 1999, akitegemea kuulizwa kabila, dini na kazi, alipewa kiti akasimuliwa pangaboi lililochomoka angani kwa ajili ya skrubu moja, saa mbili nzima, na posa ikakubaliwa kwa kuwa hakusinzia.

Sasa jamani tumefika mahali penyewe. Jumamosi tarehe 9 Machi 1957 ndege ya kwenda Kigoma ilichelewa, ikawa inaondoka saa saba na dakika ishirini, jua la utosi, na hewa ya joto, kama marehemu alivyotufundisha sote kwa lazima, haina nguvu ya kubeba ndege. Miongoni mwa abiria alikuwepo binti wa miaka ishirini na mmoja, muuguzi mpya wa misheni, amevaa gauni jeupe na kofia, mbele ya baba yake mzazi na watawa wawili, anatakiwa kupanda mizani ile ile iliyopimiwa ngozi asubuhi. Binti huyo ndiye Mama Severina. Marehemu alimtazama, na kwa maelezo yake mwenyewe kwa mkwe wake, akili ikamruka, akasikia mdomo wake unasema dada asisumbuke, ataje tu ratili zake na za sanduku lake, ataamini.

Binti akataja mia moja na kumi za mwili na ishirini za sanduku, karani akaandika. Loo! Watawa nao wakauliza wao wana kosa gani, naye akaona haya kuwapandisha, wakataja zao, mke wa mwenye duka akataja zake akicheka, padre mmoja wa misheni, Baba Padre utusamehe, akataja uzito aliokuwa nao siku ya upadirisho, na wanaume watatu waliobaki, kuona hivyo, nao wakajipunguza. Karatasi ikaonyesha kwamba ndege ina nafasi ya ratili kumi na mbili, kumbe imezidi mia nne na ushei. Ndege ikakimbia kiwanja chote, ikainuka kimo cha ua, ikafikiri, ikarudi chini, ikalima shamba la mihogo hadi kwenye kichuguu, na kwa rehema za Mungu hakufa mtu, padre alipoteza jino, rubani alivunjika mguu, na wa kwanza kutoka alikuwa binti yetu, kofia kichwani, amekumbatia sanduku.

Tume ya uchunguzi ilikaa siku nne, ikaangalia karatasi, ikaona ni safi, imesainiwa, basi ikasema kama karatasi haina kosa, mpakiaji ndiye aliyeingiza mzigo wa wizi, labda nta, na mpakiaji siku hiyo alikuwa Linus Kapaya, rafiki wa marehemu, aliyekuwa akila naye sahani moja. Linus alifukuzwa tarehe 15 Machi 1957, watu wakambatiza jina la Gunia la Nta, na mpaka uzeeni kwake alisukuma mikokoteni stesheni ya Tabora, hakuna ofisi iliyomtaka. Marehemu alinyamaza. Alinyamaza kwa kuogopa kupoteza kazi, na alinyamaza kwa sababu kusema kweli kulimaanisha kumtaja Severina na ratili zake mbele ya tume, na wakati huo alikwisha kumtuma mshenga.

Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 24 Mei 1958, kanisa la Ndala, wakajaliwa watoto wanne, wawili wametangulia, wa mwisho ni Resty, wajukuu ni tisa, na katika miaka arobaini na minane ya ndoa yao nyumba ya mpima mizani haikuwahi kuwa na mizani, hata ya unga. Kazini kwake, tangu siku ile, hakuna aliyepona, alimpima bwana mkubwa wa wilaya, akampima mbwa wake, akapima na mikate ya rubani. Alifika Dubai tarehe 3 Februari 1981, akiitwa na mtoto wa yule Mwarabu wa Tabora aliyefungua ghala hapa Deira, na wenzake mlioko humu ni mashahidi kwamba mlimwambia yalla mzee, andika tu, ndege inasubiri, naye akapima upya kuanzia katoni ya kwanza, arbab, tajiri mwenyewe, akisimama pembeni ameshika kichwa. Mlidhani ni ukaidi, kumbe mtu alikuwa anatubu, kila siku, kwa miaka kumi na saba, hadi alipostaafu mwaka 1998 akabaki kwa viza ya Resty.

Januari mwaka huu wa 2006, Mirriam, ambaye wengi mnamfahamu pale hotelini Al Rigga, alimleta baba yake atibiwe macho, na baada ya misa ya Ijumaa, ndiyo Jumapili yetu huku, mzee huyo alimkumbatia marehemu kwa furaha uani kwa kanisa. Alikuwa Linus Kapaya. Marehemu alirudi nyumbani hakula, akasema atakwenda kumwambia, na kweli alikwenda Al Rigga mara tatu, mara zote akapewa chai, akakohoa, akaanza kumsimulia habari za nyigu na kabureta, akaaga. Mkwe ndiye aliyekuwa dereva, na mara ya tatu alimkuta ndani ya gari analia kama mtoto.

Moyo ulianza kumsumbua mwezi Agosti, akalazwa tarehe 30 Oktoba, na kitandani akamwamuru mkwe aandike, mbele ya wote asomewe Linus, naye Mzee Linus yumo humu ukumbini, na mkwe hapa anasoma. Chanzo cha ajali ya tarehe 9 Machi 1957 si Linus Kapaya, hakuingiza hata kijiti, chanzo ni karani wa mizani Faustine Mhoja, aliyeona aibu ya dakika moja akamtwisha rafiki yake aibu ya maisha, na abiria wa kwanza kutopimwa alikuwa na ratili, na hapo pana nafasi wazi, kwa sababu marehemu hakuzijua, akasema akaulizwe mwenyewe, maana chanzo kisicho na tarakimu ni porojo. Alifariki Jumapili tarehe 12 Novemba, saa kumi na moja alfajiri.

Jana alasiri Mama alisema karatasi isomwe yote, Linus aombwe radhi, lakini tarakimu hapana, khalas. Tuoneeni huruma sisi wakwe. Kwao msomaji, kando ya ziwa, mkwe hamtazami mama mkwe hata akila, sembuse kutangaza kilo zake kwenye spika. Asubuhi hii Mama ameiomba karatasi, ameirudisha imekunjwa mara nne, na msomaji hajathubutu kuifungua hadi sasa. Anaifungua. Ni mwandiko wake, pameandikwa mia moja sabini na moja, na sanduku sitini na sita, lilikuwa na cherehani.

Mzee Linus amenyoosha mkono, anasema sikio la kushoto limekufa, tarakimu irudiwe. Msomaji anaangalia viatu vyake. Mama Severina amesimama, ameirudia mwenyewe, bila spika, mmesikia hadi barabarani, na ameongeza kwamba hiyo ni bila viatu.

Kwa walio nje ambao hamkusikia jibu, Mzee Linus anasema cherehani ile aliibeba yeye mgongoni, aliujua uzito wake kabla ya tume kukaa, akawaambia wazungu kwamba karatasi inadanganya, wakamwuliza mgongo wake umesoma darasa la ngapi. Anasema alijua tangu siku ile nani aliandika. Anasema Al Rigga alikuwa akingoja, chai ya kwanza, ya pili na ya tatu, alishaandaa na maneno ya kumsamehe, na sasa ana hasira na marehemu kwa jambo moja tu, kwamba ameondoka hajamwachia nafasi ya kuyasema.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia akiuliza chanzo cha kila dripu, majirani wa jengo letu waliopika siku tano, wenzetu wa maghala ya Freezone, kwaya, na Mirriam aliyepoteza zamu mbili. Mwili unaondoka leo jioni kwenda Dar es Salaam na kuzikwa Ndala Jumatatu tarehe 20, na jeneza, kama ilivyo kwa mzigo wowote wa ndege, litapimwa, na mtu wa upande wetu atatia saini ya uzito. Familia ilikuwa imepanga kumwomba Mzee Linus kama ataweza, na kabla hajaombwa amesema ataweza, ila mizani ataisoma yeye, na ataandika kile atakachokiona.

Basi pumzika, Mzee Faustine, pumzika kwa amani, karatasi yako anasaini Linus.