Vidonge Chini ya Viti

Wazazi wenzangu, niliyoyasikia leo kwenye basi lazima niwaambie.

Mbele yangu alikaa mwanamume mwenye funguo za gari kidoleni, pembeni yake mama mwosha magari. Mwanamume akajisifu, "Gari langu liliingia maji ya mvua, likanuka uvundo. Nikatupa vile vidonge vyeupe vya kufukuzia mende, pakiti tatu chini ya viti, vioo nikafunga. Uvundo kwisha!"

"Kaka, uvundo umekaa kwenye sponji chini ya kapeti. Ng'oa, fua, anika juani, milango wazi. Vidonge vile ni sumu, hata harufu yake ukiivuta."

"Wewe dada umezoea matope tu. Mbona abiria wangu hawalalamiki?"

"Abiria gani?"

"Watoto wa shule. Zamani kelele kama kuku, siku hizi wakipanda tu wanalala fofofo. Raha tupu! Kuna kasichana kamoja tu kenye miwani, kenyewe hutapika. Kanadeka."

Mama wa watu akashika mdomo. Mimi nikashika kiti. Dereva anayempeleka mwanangu shule simjui, maana bibi yake ndiye humpandisha asubuhi na kumpokea jioni. Ila miwani ile nilimnunulia mwanangu mimi mwenyewe, na wiki nzima anatapika nikimgombeza kwa kula ovyo.

Basi likasimama. "Gari nimeliegesha hapa, nawahi kuwachukua watoto," mwanamume akasema, akashuka akipiga mluzi.

Kituo changu kilikuwa bado mbali. Nikashuka nyuma yake.