Betri za Kifaa cha Mama

Mbele yangu kwenye basi aliketi binti anayejitolea kwenye kituo cha walemavu, amepakata kasha la vifaa vya kusikia. Fundi cherehani aliyekaa kando yake, pini zimejaa kwenye kola ya gauni, alilitazama kasha lile hadi uzalendo ukamshinda.

"Marehemu mama yangu alipewa kifaa kama hicho, hapo kituoni kwenu," akasema. "Nikakifungia kabatini. Nilimvalisha siku za wageni tu, betri zisiishe. Siku nyingine tulimwita kwa kelele mpaka majirani wakatuitikia wao."

Binti alicheka, kisha akaliangalia kasha. "Betri tunatoa bure, mama, kila mwezi. Tulisema siku ile ya kugawa."

"Mlimwambia nani?"

"Tulimwambia bibi mwenyewe."

"Kabla hajavaa kifaa, au baada?"

Pamoja na udaku wangu wote, nikageukia dirisha.

"Kabla," alisema binti. "Lakini nawe ungekuja kuuliza, mama."

"Ningekuja. Nawe ungeniita." Hakuwa akigomba. "Miaka miwili, mwanangu, alikaa pale mlangoni akitazama midomo yetu."

Basi likasimama kwenye kituo ambapo binti alipaswa kushuka. Konda aligonga bati mara mbili basi liondoke, na binti alikuwa bado amekaa.